Kadi Niliyoikata kwa Wembe

Mimi ndiye niliyeikata kadi ile, tena kwa mkono wangu, juu ya ubao ninaoparia samaki. Sikusukumwa na mtu. Niliikata vipande ishirini, nikavipanga kwenye sinia, nikajitanda kanga na kutoka kwenda kuvigawa nyumba hadi nyumba. Siku hiyo nilijiona mtu wa haki sana.

Sisi wa visiwani huku Mbwera duka la jumla hatuna. Vibanda vipo, lakini sabuni iliyopanda boti nayo imelipa nauli, na anayeilipia ni wewe mnunuzi. Kwa hiyo tunaagizana. Bamvua likiingia, maji yakawa makubwa, boti ya mashine hupita mpaka kwenye kijito chetu, na anayekwenda Kibiti hapati nafasi ya kunywa chai, kila dakika mtu anabisha hodi na pesa yake mkononi. Mimi nilizianza safari hizo baada ya kufiwa na mume wangu. Nilikuwa napeleka uduvi na kamba wakavu kwa mteja wangu pale sokoni, kurudi nikawa narudi na haja za watu. Nilianza na wawili, wakafika tisa, na tisa hao ndio wakawa wa kudumu.

Karatasi ya maagizo sikuwa nashika. Shule yangu iliishia darasa la pili, na elimu ya watu wazima jioni jioni. Lakini mtu akinitajia jina lake na haja yake, vitu hivyo viwili vinakaa pamoja kichwani mwangu wala havigombani. Fulani sukari kilo mbili na kiberiti. Fulani mafuta lita tatu. Fulani uzi wa kushonea nyavu, lakini ule mwembamba, mnene atanirudishia. Hata leo ukiniuliza nani aliagiza nini safari ya mfungo ule wa mvua nyingi, nitakwambia.

Faida yake ni hii: peke yako unanunua sabuni mche mmoja, pamoja mnanunua katoni. Mafuta mnanunua ndoo, mnapimiana kwa kikombe. Kila mtu anabakiwa na chochote, kikanunue daftari au dawa ya kikohozi. Sharti ni moja tu, nalo halijaandikwa popote: nyongeza ni ya mwenye mali. Nilifundishwa hilo ningali mdogo. Jirani alinituma chumvi, mwenye duka akaniongezea kipande cha sukari guru, akasema, "Haya mtoto, chukua." Nikakitafuna njiani. Mama akaona midomo inang'aa. Hakunipiga. Alinishika mkono mpaka kwa yule jirani, akaniambia, "Sema." Nikasema, "Nyongeza yako nimeila." Jirani alicheka mpaka akakaa chini, lakini mie nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo, nikiongezewa kitunguu napeleka na kitunguu, nikipunguziwa mia mbili narudisha mia mbili.

Basi pale Kibiti, karibu na stendi, akafungua duka mama mmoja mtu wa bara, mchangamfu, msalaba mdogo shingoni. Safari yangu ya kwanza kwake alinihesabia mzigo, kisha akanipa kadi ngumu ya kijani.

"Bibi, hii ya kwako. Kila ukinunua vitu vya elfu hamsini nakugongea muhuri chumba kimoja. Vikijaa vyumba ishirini unachagua zawadi: godoro la mtu mmoja, au katoni za sabuni."

"Bure?"

"Bure, bibi."

"Na wewe unafaidi nini?"

"Nafaidi wewe kurudi."

Nilimwangalia. Mambo ya namna hiyo nilishayaona. Kuna mwaka tulikusanya makaratasi ya majani ya chai tupewe vikombe, yakajaa mfuko mzima, na gari la vikombe hatukuliona. Kuna vizibo vya soda. Kuna pointi za kwenye simu ambazo mjukuu wangu hunisomea kila siku kwamba ninazo nyingi, nami sijaona hata moja ikiivisha chungu. Lakini kadi haikunidai kitu, nikaichukua. Kwa mizigo ya watu tisa, kila bamvua nilirudi na mihuri miwili, mara nyingine mitatu.

Mjukuu wangu huyo ninamlea tangu anatambaa. Namwita mke mwenzangu, kama tunavyowatania wajukuu wetu. Mwaka ule alifaulu kuingia kidato cha kwanza, shule ya bweni huko huko Kibiti. Karatasi ya shule ikaja na orodha ya vitu. Mama yake, binti yangu anayefanya kazi Dar es Salaam, alisema sare na sanduku vitakuwa juu yake. Nikauliza, kimebaki nini? Godoro. Nikasema, "Godoro niachieni mimi."

Nilisema kwa sauti kubwa, maana kadi ilikuwa imefika mihuri kumi na minne na kichwani mwangu godoro lile nilikuwa nimeshalitandika. Pesa ya kulinunua sikuwa nayo. Mpunga wa msimu ule uliliwa na maji ukiwa bado kijani. Na karatasi ilisema asiye na godoro hapokelewi bwenini. Mtoto alinisomea mara mbili, mara ya pili polepole.

Mwisho wa Desemba chumba cha ishirini kikagongwa muhuri. Godoro sikulichukua. Boti ilikuwa imejaa, na godoro lenyewe linatakiwa Kibiti, si Mbwera. Kwa nini nilipandishe nije nilishushe tena? Nikasema nitalichukua siku ya kumpeleka mtoto. Nikarudi na kadi yangu.

Sasa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mtani wangu. Yeye Mmatumbi, kaolewa huku akitokea milimani kusini; mie Mndengereko. Tangu aje hatujawahi kusemezana vizuri, wala hajawahi mmoja wetu kulala njaa mwenzake akiwa na chakula. Alinikuta uani nimekaa na kadi.

"Hiyo karatasi unayojipepea nini?"

"Kadi ya duka. Imejaa. Nitachukulia godoro la mjukuu."

Akaipokea, akaigeuza huku na huku. "Na madude haya ya duara?"

Nikamweleza habari ya mihuri.

"Ehee. Na mizigo hiyo iliyogongewa, ilikuwa ya nani?"

"Si ya kwetu sote?"

"Mtani, nakuuliza kwa adabu. Nikikutuma mafuta, ukaongezewa kitunguu, kitunguu cha nani?"

"Chako."

"Na muhuri je?"

Nikaichukua kadi yangu. Basi akatoka uani kwangu akipaza sauti kama anayeita kuku. "Jamani eee! Wenzangu! Mndengereko kala nyongeza zetu! Ishirini! Kazila kavukavu bila hata mchuzi!"

Watu wakacheka, yeye akacheka kuliko wote. Utani hauna kesi. Lakini mie neno lilikuwa limeshaniingia. Miaka yote napeleka vitunguu vya watu, kumbe mihuri ishirini nimeiweka ndani na kuiita yangu, na kwa miezi yote hiyo sikuwahi hata kujiuliza. Hilo la kutojiuliza ndilo lililoniuma.

Asubuhi, nikiwa nimeshaswali, nikaitoa kadi na kuikumbuka chumba kwa chumba. Huu uliokaa upande ni wa siku ya ndoo mbili za mafuta, basi ni wa fulani. Huu uliofifia wino ni wa siku ya sukari ya maulidi. Mitatu ilikuwa halali yangu, ya manunuzi yangu mwenyewe kwa pesa ya uduvi. Miwili ya mtani. Iliyobaki ya wale wanane wengine. Nikaikata.

Wala sikuwa nimelisahau godoro. Nilijiambia kila mmoja nitampa chake, akishakishika mkononi nimwombe anitume nacho dukani, kama anavyonituma na pesa yake. Pesa si huja kwangu vipande vipande, na dukani zinakuwa moja? Niliona na mihuri ni hivyo hivyo. Nilichotaka ni kuomba, kwa ajili ya godoro la mtoto, kitu ambacho mwenyewe amekwisha kukipokea, si kitu nilichomlia.

Walipokea kwa mshangao. "Nini hii?" "Nyongeza yako." Mmoja akakiweka ndani ya msahafu, kimwoneshe alipofikia. Mmoja akakichomeka pembeni ya kioo. Mmoja aliniuliza kama kinalowekwa au kinachomwa, akidhani dawa. Mtani akavibandika vyake viwili juu ya mlango kwa uji, akasema, "Wezi wajue hapa pana mali."

Mjukuu alikuwa kwa shangazi yake, kisiwa cha pili. Alirudi baada ya siku mbili, akauliza kadi iko wapi aitie kwenye sanduku.

"Nimeigawa."

"Umeigawaje, bibi?"

"Nimeikata. Kila mtu ana chake. Tutawaomba tu, usiwe na wasiwasi."

Akaweka mfuko wake chini. "Bibi, kule nyuma wameandika kadi ikichanwa au kukatwa haipokelewi."

"Mbona hukunisomea nyuma?"

"Hukuniambia nisome nyuma."

Hakulia. Alichukua masufuria ambayo tulikuwa tumeshayaosha, akaenda kuyaosha. Nikamsikia akiyasugua kwa mchanga mpaka nikatamani anitukane. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Kugawa nilitembea nimenyoosha shingo. Kukusanya nilitembea nikitazama miguu. Yule wa msahafu aliufungua akanipa. Wa kioo alinipa na swali: "Sasa ni nyongeza yangu au si yangu?" Nikamwambia ni yake, naiomba. Yule wa dawa alikuwa hajakichoma, Mungu mkubwa.

Mmoja hakuwapo. Alikuwa amekwenda Nyamwage kumwangalia binti yake aliyejifungua. Mjukuu akampigia simu.

"Nilikifunga pindoni mwa kanga," akasema kule, "na kanga nimeifua. Kimekuwa uji, dada yangu. Nisamehe."

"Si kosa lako. Kilikuwa chako."

"Changu kwa lipi? Mie huwa nakutuma sukari nusu kilo. Ningekwenda mwenyewe miaka kumi, nani angenigongea muhuri wa elfu hamsini? Ule muhuri umepatikana kwa kuwa tulikuwa wengi. Mimi peke yangu sina hata mkia wake."

Nililishika neno hilo, lakini lilikuwa limechelewa. Nimeshakata.

Nikabakiza mtani. Nilimkuta amekaa chini ya vipande vyake, anachambua mchele.

"Umekuja kudai," akasema kabla sijatoa salamu. "Ndivyo mlivyo. Mndengereko akikupa kitu kwa mkono wa kulia, wa kushoto anao mgongoni."

"Mtani, ni godoro la mtoto."

"Nalijua ni la mtoto. Sikupi bure. Nenda pale wanapopandia boti, watu wakiwa wengi, useme nyongeza ya Mmatumbi uliila."

Nikaenda. Nikasimama kwenye matope, boti inapakiwa, nikasema kwa sauti, "Nyongeza ya Mmatumbi niliila!" Nahodha akaniuliza kama ilikuwa na chumvi. Niliporudi, mtani alikuwa anavibandua kwa ncha ya kisu, pole pole, ulimi nje, visichanike.

Mjukuu ndiye aliyeiunga kadi. Upande huo huo wa mihuri, chini ya wino, palikuwa na mchoro hafifu wa kikapu uliotambaa kadi nzima, na yeye alivifuata vipande kwa kukifuata kikapu. Alivibandika kwa gundi ya unga wa muhogo juu ya kipande cha boksi la sabuni. Kikapu kikarudi. Kwenye mpini wake tu palibaki tundu, la yule wa Nyamwage.

Tulisafiri Jumamosi, mimi, mjukuu na sanduku lake. Mtani akapanda naye. "Nakwenda kulinda mali yangu," akasema. Boti mpaka Nyamisati, halafu gari mpaka Kibiti, na njia nzima mtoto aliishika kadi mapajani kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

Mama wa duka aliitazama muda mrefu. "Bibi, hii imepatwa na nini?"

"Niliikata."

"Kwa nini?"

"Niwagawie wenyewe."

"Wenyewe akina nani? Kadi si yako?"

Nikamweleza nyongeza ni ya nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole juu ya midomo. Kisha akasema, si kwa ubaya, "Bibi yangu, nikipokea hii, kesho wataniletea vipande vya kuokota jalalani. Nitajuaje ni vya kadi moja? Ndiyo maana tumeandika nyuma."

Mtani akainamia kaunta. "Nyuma wapi? Mie naona boksi la sabuni."

Mjukuu hakucheka. Alikuwa amesimama wima. "Shikamoo mama. Angalia kikapu. Kingekuwa cha kadi mbili kisingeungana."

Yule mama akavaa miwani, akapitisha ukucha kwenye mistari, chumba hadi chumba. Alipofika kwenye mpini akasimama. "Na hapa?"

"Hapo pako Nyamwage," mtani akamwambia. "Pamefuliwa."

Hapo mwenye duka akacheka, cheko la kutoka tumboni, akavua miwani na kujifuta macho. "Haya. Mihuri yangu naijua, nimeigonga mwenyewe. Kumi na tisa nimeipokea. Lakini kumi na tisa si ishirini, na hilo usiniombe. Nunua vya elfu hamsini leo, nigonge wa ishirini kwenye tundu hilo, godoro mkaondoke nalo."

Nilikuwa na maagizo ya watu watatu tu. Januari nani ana pesa? Kila mtu kaimaliza kwenye sare. Nikataja vyao, nikaongeza vyangu, nikaongeza chumvi ambayo sikuihitaji. Yule mama akajumlisha. Nusu haikufika. Nilisimama pale, nikatazama magodoro yaliyopangwa mlangoni, yamefungwa nailoni. Mjukuu akasema kwa chini, "Bibi, tuache. Nitakwenda shule; wakinirudisha, basi." Nilijua wangemrudisha, naye alijua.

Mtani alikuwa ametupa mgongo, anahangaika na pindo la kanga yake. Alikuwa na pesa za mabati mawili ya jiko lake. Jambo hilo kitongoji kizima tulilijua, alikuwa amelisema tangu mfungo sita, mwezi wa maulidi.

"Mama," akamwambia mwenye duka, "ile ndoo kubwa ya mafuta kiasi gani?"

Akatajiwa.

"Nipe."

"Mtani!" nikasema.

"Unaniitia nini? Nimenunua mafuta, sikununua godoro. Mafuta nitawapimia kwa kikombe, na wewe nitakupimia kwa bei ya kibandani."

Muhuri ukagongwa, nusu juu ya boksi, nusu juu ya kikapu. Yule mama akatoka mwenyewe kwenye kaunta, akaniambia mtoto achague. Akachagua la maua ya buluu. Kisha akanipa kadi mpya. Sikuipokea. Nikamwambia ampe mtani, na mtani akaitia kifuani bila kuuliza bei.

Tukaenda shuleni kwa miguu, mtoto kajitwika godoro, mimi na mtani tumebeba sanduku. Matroni alikuwa getini na orodha yake. Sare? Ipo. Mashuka? Yapo. Godoro?

"Lipo," mjukuu akasema, chini ya godoro lenyewe.

Akamwekea alama. Mwanafunzi mmoja mkubwa akaja kulipokea sanduku, wakaingia. Nilitaka ageuke nimwone uso, lakini godoro lilikuwa pana na uwanja ulikuwa na upepo. Alilishika pande zote mbili akaenda, hata sikumwona tena ila miguu, na soksi mpya zilizokwisha kuingia vumbi.

"Mjukuu wetu anatembea vizuri," mtani akasema.

"Wetu tangu lini?"

"Mihuri miwili yangu iko mle. Mitatu, na huu wa leo. Nimekushinda wewe, mtani, au nawe una mitatu?"

Nikahesabu. Tulikuwa sawa. Nikamwambia tuifuate ndoo yake kule dukani kabla gari halijajaa, ashike mkono huu, mie nitashika ule.